Kandambili kwenye Mdomo wa Tangi

"Umekula natto leo?"

Ndivyo Inspekta Onodera Mitsue alivyopokelewa mlangoni pa kiwanda cha sake, pombe ya mchele, cha Ishido asubuhi ile, theluji ikiwa imefika kiunoni pande zote mbili za njia. Aliyeuliza alikuwa mwanamume mfupi mwenye mashavu mekundu, kasimama katikati ya mlango kama mtu anayezuia ng'ombe asiingie shambani. Jina lake Matsukura, mpika mchele wa kiwanda.

"Nimekula uji," Onodera akajibu.

"Uji na nini?"

"Na chumvi."

"Uniapie."

"Mimi ni polisi, baba. Watu huapa mbele yangu, mimi siapi mbele ya watu."

Matsukura akamtazama mdomo, kisha mikono, kisha akasogea. "Usinichukie, afande. Yale maharage ya mvundo yakiingia humu hata kwa ukucha wa mtu, chachu yetu inateleza kama kamasi na kazi ya baridi nzima inakwenda mtaroni. Sisi wenyewe tangu Novemba hatujayaonja. Mimi usiku nayaota." Akakohoa kidogo. "Na jingine. Kule nyuma kwenye matangi mwanamke haingii."

"Kule nyuma amekufa mtu."

"Ndiyo, lakini alikuwa mwanamume."

Onodera akampita. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mkavu wa mwili, aliyezoea kuambiwa haingii.

Ndani alingojewa na Konstebo Hoshi wa kituo cha mji, mtu mnene, mpole, aliyependa mambo yaishe. Alikuwa na karatasi moja mkononi.

"Ni kutia saini tu, afande. Gari la maiti linakuja saa sita mchana. Marehemu ni Fundi Mkuu wa kiwanda, Sasamori Tomekichi. Daktari ameshamwona: hewa nzito inayotoka kwenye rojo la mchele linalochacha ilimlewesha, akazama. Ila alijitosa mwenyewe. Hebu tazama."

Akampa picha. Palionekana jukwaa la mbao, shimo la duara ambalo ndilo mdomo wa tangi, na kando ya shimo kandambili za nyasi zimepangwa sawasawa, ncha zikielekea tangini. Juu yake kitambaa cha kichwa kimekunjwa vizuri.

Hata mtoto wa shule wa huku angeisoma picha ile. Mtu akitaka kujirusha darajani au relini huvua viatu vyake kwanza, akaviweka pamoja, kama anayeingia nyumba ya watu.

"Ni zake hakika?"

"Zina alama yake ya moto kisiginoni. Na maiti ilitolewa miguu mitupu."

"Nani alimwona mwisho?"

"Bwana Ryohei, mwenye kiwanda. Jana jioni, wafanyakazi wakiwa bafuni. Anasema Fundi alimwambia, nenda zako, nataka kukaa peke yangu. Aliyemkuta amekufa ni Kamada, naibu wa Fundi, baada ya chakula." Hoshi akapunguza sauti. "Na huyo Kamada juzi waligombana na Fundi. Watu wamewasikia. Mimi sisemi kitu, nasema tu waligombana."

"Kuhusu nini?"

"Siku ya kukamua. Kamada anasema sake imeiva, Fundi anasema bado haijasema."

Walikuwa wamefika kwenye ukumbi wa nyumba ya mwenye mali, uliopakana na kiwanda. Maiti ililazwa pale, uso umefunikwa kitambaa cheupe, ubani ukifuka. Kando yake alikuwa amepiga magoti mwanamke mzee, vazi lake la safari bado limelowa theluji mabegani. Huyo alikuwa Fude, mke wa marehemu, aliyefika na treni ya alfajiri.

"Wewe ndiye unayeandika?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Ni mimi, mama. Pole sana."

"Mume wangu hakujiua."

Hoshi akapumua. "Mama, kila mke husema hivyo."

"Sijamaliza, baba. Kijijini kwetu tuna mpunga nusu ya mwaka na theluji nusu ya mwaka. Theluji ikianguka, wanaume wote humfuata Fundi wao kwenda kutengeneza sake kwa watu. Ndicho tunachokula. Sasa Fundi akijiua ndani ya tangi la tajiri, nani atamchukua tena mwanamume wa kijiji chetu? Wajukuu wangu wataambiwa, nyinyi ndio mliotia maiti kwenye sake." Sasa akainua kichwa. Macho yalikuwa makavu. "Kwa hiyo usiandike jambo usilolijua."

"Na ikiwa ni ajali?"

"Ajali ni ya mbinguni na ya mwenye kiwanda. Kujiua ni kwetu sisi."

Onodera akaikunja ile karatasi ya Hoshi, akaitia mfukoni haina saini.

* * *

Mama mwenye nyumba aliwaletea chai mwenyewe. Aliitwa Ishido Toyo, mjane wa mwenye kiwanda wa zamani na mama yake Ryohei. Alikuwa na umri kama miaka sabini, mgongo umenyooka, nywele zimebanwa hata unywele mmoja haukutoka. Alimimina chai bila kumwaga tone, na chai yenyewe ilikuwa nzuri mno kwa asubuhi ya msiba.

"Alikuwa mtu wa haya, Fundi," Toyo akasema. "Mwaka jana sake yetu ilirudi mikono mitupu kutoka kwenye mashindano, na tangu siku ile hakuinua uso. Mwaka huu kachukua mchele bora kuliko wote, kaukoboa mpaka kila punje ibaki theluthi, kiini kitupu, kidogo kama shanga. Alijua akishindwa na mchele ule hana pa kujificha. Masikini."

"Alikwambia hivyo yeye?"

"Mafundi hawasemi na wanawake habari za tangi, mwanangu. Nimeolewa hapa zaidi ya miaka arobaini na ngazi ya kwenda kule juu sijaikanyaga. Mume wangu alikufa, nikaishika mali hii mpaka mtoto akakua, na bado sikuikanyaga. Mungu wa kiwanda ni mwanamke. Ana wivu."

"Jana jioni ulikuwa wapi, Mama?"

"Jikoni. Nitakuwa wapi tena saa ile?"

"Na Bwana Ryohei?"

"Ofisini. Kuna mnunuzi wa Tokyo anaitaka hiyo sake ya tangi la tisa, lile lile la Fundi, kabla haijakamuliwa. Simu haikauki." Akafuta meza ambayo haikuwa na maji. "Niwaongeze?"

"Imetosha," Onodera akasema, na kikombe chake kilikuwa bado kimejaa.

* * *

Kamada Yosaku alikuwa amesimama chini ya ngazi, mikono kifuani. Alikuwa mtu mrefu mwenye mikono mipana iliyolainishwa na mchele, kama mikono ya binti juu ya mwili wa mbeba magogo. Nyuma yake ngazi ilipanda hadi kwenye jukwaa lililozunguka midomo ya matangi.

"Huko hupandi, afande. Si mimi, ni desturi."

"Mungu wenu mwambie nimekuja kikazi."

"Akikasirika?"

"Aje kituoni aandikishe malalamiko."

Mmoja wa wafanyakazi akacheka kwa pua, akanyamaza Kamada alipogeuka. Naibu akafikiri kidogo, akapeleka macho kule ukumbini alikokuwa mjane, kisha akasogea hatua moja.

"Basi vua."

"Nivue nini?"

"Miguuni. Soksi pia."

Hapo ndipo Onodera alipotazama chini. Kwenye ubao mrefu chini ya ngazi palikuwa na kandambili za wafanyakazi, jozi kwa jozi, ncha zikielekea nje, tayari kwa kushuka. Kila jozi ilikuwa na alama yake ya moto. Nafasi moja, ya mwanzo kabisa, ilikuwa tupu.

Akavua viatu, akavua soksi, akaviweka mwisho wa ubao, akapanda. Mbao zilikuwa baridi kama barafu ya samaki. Juu kulikuwa na harufu ya tikiti lililoiva na tufaha, tamu, ya kulevya, na kutoka kwenye kila tangi ilisikika sauti ndogo ya mapovu, kama watu wengi wanaonong'ona nyuma ya mlango. Tangi la tisa peke yake lilikuwa limefunikwa turubai na kuzungushiwa kamba ya majani ya mpunga, ya kuzuia mikosi.

"Nionyeshe alivyokuwa akifanya," Onodera akasema.

"Kila jioni Fundi huchota rojo kidogo, anaonja, anatema. Kwa tangi hili hakumwachia mtu. Rojo likiwa chini ya mdomo, lazima uiname mpaka mabegani na kata yenye mpini mrefu. Na hapo ndipo penye kifo, maana ile hewa nzito inakaa juu ya rojo kama maji kwenye karai. Ukiivuta mara mbili, magoti hayako tena."

"Na mnajikinga vipi?"

"Kamba. Anayeinama anafungwa kiunoni, mwenzake anaishika nyuma. Ukiona ameyumba tu, unavuta. Haifanyiki peke yako. Haifanyiki kabisa."

"Mwenzake kwa kawaida ni nani?"

"Mimi."

"Jana?"

Kamada akatazama turubai. "Jana Bwana Ryohei alikuja, akasema ataishika yeye, sisi twende tukaoge. Ni mwenye mali. Amekulia humu, kazi anaijua. Tukaenda."

"Mlipogombana juzi, Mzee Kamada, ulimwambia nini Fundi?"

"Nilimwambia amezeeka ulimi."

"Naye?"

"Akaniambia mimi ulimi wangu bado haujazaliwa." Akalisawazisha turubai kwa kiganja. "Kila mwaka tunagombana. Sake isiyogombewa haina ladha."

Onodera akatoa picha, akamnyooshea. "Hizi umezikuta wewe?"

"Ndiyo."

"Hapa hapa?"

"Hapo uliposimama."

"Juu ya jukwaa."

Kamada akaangalia mbao.

"Mzee Kamada, mimi mgeni nimevuliwa hata soksi. Nani katika kiwanda hiki anapandisha kandambili mpaka huku juu?"

"Hakuna."

"Hata mara moja? Mlevi? Mgonjwa? Mtu mwenye haraka?"

"Uchafu wa kandambili ukidondoka humo, tangi zima linaharibika. Mtu anafundishwa hilo siku ya kwanza, kabla hajafundishwa choo kiko wapi. Bwana Ryohei mwenyewe alichapwa makofi na Fundi kwa ajili hiyo, akiwa na miaka sita, mbele ya baba yake, na baba yake akamshukuru Fundi."

"Kwa hiyo Fundi aliyetaka kufa alishuka ngazi, akachukua kandambili, akapanda nazo na kulichafua tangi alilolikeshea majira yote ya baridi, halafu ndipo akajitosa."

"Sikusema hivyo."

"Hukusema lolote. Tangu jana unajua kwamba hizi ziliwekwa na mtu, na umenyamaza. Mtu aliyegombana na marehemu, aliyemkuta wa kwanza, aliyepaswa kushika kamba. Ningekuwa Konstebo Hoshi ningekufunga pingu sasa hivi na nikawahi chakula."

Kamada akaminya viganja vyake. "Nifunge."

"Unamficha nani?"

"Simfichi mtu."

"Iko wapi hiyo kamba?"

Wakashuka. Kamba zilitundikwa kwenye vigingi kando ya mlango wa nje, ambapo upepo wa theluji hupenya kwenye ufa. Tatu zilining'inia laini. Ya nne ilikuwa imesimama kama fimbo. Onodera akaigusa, ikalia chini ya kidole chake kama kuni kavu. Ilikuwa imeganda barafu kutoka juu mpaka chini.

"Hii inaoshwa lini?"

"Mwisho wa majira," Kamada akasema polepole. "Haioshwi kabla. Kamba iliyolowa inateleza." Akaishika yeye pia, akaipeleka puani, akaiachia. "Hii iliingia kwenye rojo. Ameifunga kiunoni. Fundi alikuwa amejifunga."

"Anayetaka kufa hajifungi kamba."

"Hapana."

"Sasa niambie."

Naibu akakaa kwenye pipa lililopinduliwa, mzito, kama mti uliokatwa. "Nilipoona kandambili nilijua ni mchezo wa mtu. Nilidhani ni mmoja wa watu wangu. Nilidhani wamekuta ameanguka, wakasema, naibu atafungwa kwa kutoshika kamba, bora ionekane amejitosa. Wananipenda, wajinga hawa. Nikasema nikifungua mdomo namtia mmoja wao gerezani. Basi nikanyamaza." Akainua macho. "Lakini hakuna mtu wangu ambaye angepandisha kandambili. Hilo silielewi. Hata angekuwa anatetemeka. Miguu yenyewe ingekataa."

"Hapo ndipo ninapotafuta," Onodera akasema. "Mtu ambaye miguu yake haikukataa."

* * *

Matsukura alikuwa akifungua kifuniko cha sufuria kuu. Mvuke ulipanda mpaka darini na mchele ukanukia nyumba nzima. Akampa Inspekta kipande cha mchele uliokandamizwa kiganjani.

"Tafuna. Ukiwa mgumu nje na laini ndani, nimefanya kazi. Ukiwa laini kote, nifukuze."

"Jana jioni mlikula nini baada ya kuoga?"

"Mbona polisi mnapenda chakula namna hii? Wali, samaki wa chumvi, figili za kachumbari, supu ya miso." Akakunja uso. "Supu ile Mungu anisamehe. Ilikuwa kama maji yaliyofuliwa soksi."

Wenzake wakaanza kucheka. "Mwache Mama Toyo wa watu."

"Namsema kwa heshima. Ilichemka, afande. Miso haichemshwi, na hii imechemka mpaka imekatika. Mimi naishi na sufuria, siwezi kudanganywa. Nilisema moyoni, leo Mama kapata mchumba."

"Ameshawahi kuichemsha?"

"Mama Toyo? Labda siku aliyozaliwa."

"Jikoni anasaidiwa na nani?"

"Nani? Bwana Ryohei hajaoa, kila siku tunamwambia. Mwanamke katika nyumba hii ni yeye peke yake. Wewe leo wa pili, na mkewe Fundi wa tatu. Mungu wetu atapasuka."

Onodera akameza mchele. Ulikuwa mgumu nje na laini ndani. Akamwambia hivyo, akatoka.

* * *

Jikoni Toyo alikuwa akikata figili kwa ajili ya wasindikizaji wa maiti. Kisu kilikuwa kikigonga ubao kwa mwendo mmoja. Kati ya jikoni na ukumbi palikuwa na mlango mmoja wa karatasi, na nyuma yake kivuli cha Fude, amepiga magoti vile vile. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia sita.

"Mama," Onodera akasema, "jana miso ilichemka."

Kisu hakikusimama. "Jiko la gesi halina adabu. Ukigeuka kidogo tu."

"Uligeuka kwenda wapi?"

"Kuchukua vikombe."

Onodera akaweka picha juu ya ubao, kando ya figili. "Zitazame hizi. Nani angeweza kuziweka pale?"

"Fundi mwenyewe."

"Mbali na Fundi."

"Yeyote aliyekuwa kule."

"Hapana. Wanaume wote wa kiwanda hiki, tangu mwanao mpaka mwosha mapipa, huvua kandambili chini ya ngazi. Juu wanakwenda miguu mitupu. Tangu siku ya kwanza, mpaka siku wanayokufa. Hakuna hata mmoja ambaye angezipeleka juu, hata kwa hila, maana isingemjia akilini kwamba zinaweza kuwa kule. Aliyezipeleka ni mtu wa nyumba hii ambaye hakuwahi kufundishwa hilo. Mtu aliyekatazwa ngazi."

Kisu kikasimama.

Toyo akaisogeza picha karibu na macho. Akaitazama muda mrefu, si kama mtu anayetazama kosa lake, bali kama anayetazama chumba cha nyumba yake mwenyewe alichokuwa hajui kipo.

"Chini ya ngazi?" akauliza.

"Chini ya ngazi."

"Miaka arobaini," akasema. "Na hakuna aliyeniambia."

Akakifuta kisu, akakilaza. Alipoanza kusema sauti yake ilikuwa ile ile ya kumimina chai.

"Ryohei alikuja hapa hana rangi. Kasema Fundi yuko ndani ya tangi, na yeye alipovuta kamba, fundo limefunguka, kamba imekuja tupu. Nikaacha sufuria. Nikaipanda ile ngazi, nikasema kama mungu anataka kuniua aniue. Hakuniua. Fundi alikuwa kifudifudi, kimya. Nikafikiri, mwanangu atafungwa. Kiwanda kitafungwa. Na hao wanaume wa kijiji chao, nao watakosa pa kwenda. Nikamwambia Ryohei nenda ofisini ukae. Nikaosha kamba. Nikashuka nikachukua kandambili na kitambaa pale ubaoni; nilidhani ni rafu ya kuwekea tu, sikujua juu wanakwenda miguu mitupu. Nilidhani naokoa watu wote, mwanangu. Maiti hasikii aibu."

"Maiti hasikii. Aliye nyuma ya mlango huo anasikia."

Toyo akageuka. Kile kivuli kilikuwa kimesimama.

Mlango wa karatasi ukafunguka polepole. Fude hakumtazama Toyo. Alitazama mlango wa uani, ambako Ishido Ryohei alikuwa amesimama bila koti, theluji nywelani. Haikujulikana kwa muda gani. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, macho yamevimba. Mkononi alikuwa na kikombe kidogo cheupe cha kuonjea, chenye duara mbili za buluu chini, kile cha Fundi. Huenda alikuwa anakipeleka kwenye jeneza.

"Wewe ndiye uliyeshika kamba," Fude akasema.

"Ni mimi."

"Aliita?"

Ryohei akafungua mdomo. "Simu ililia ofisini. Yule mnunuzi wa Tokyo. Nikaizungusha kamba kwenye nguzo, nikasema ni dakika moja tu, na Fundi alikuwa hajainama, niliona kabisa alikuwa hajainama..."

"Sikukuuliza ulikuwa wapi, baba. Nimekuuliza, aliita?"

Jikoni ilisikika sauti ya maji yakidondoka kwenye beseni.

"Aliita," Ryohei akasema. "Jina langu. Mara moja. Nikajibu, nakuja, Fundi. Kisha nikamaliza maneno ya simu."

Toyo alipiga magoti, mikono mbele, paji la uso likagusa mbao za jikoni. Hakusema samahani. Mwanawe akapiga magoti nyuma yake. Kikombe kilimponyoka, kikabingirika mpaka kwenye mguu wa Fude, naye hakukiokota.

Fude alibaki amesimama juu yao. Aliyarudia maneno yale mdomoni kimyakimya, kama mtu anayehakikisha kwamba hakuna lililopotea.

"Basi alitaka kutolewa," akasema.

Konstebo Hoshi akachungulia, kofia mkononi. "Afande, gari la maiti limefika. Niwaambie nini?"

"Waambie wazime injini."

Fude akamgeukia Inspekta. Sasa ndipo machozi yalipoanza kumtoka, lakini sauti haikuyumba. "Wewe ndiye unayeandika. Ya hawa wawili utayaandika baadaye, una siku nyingi. Anza na hilo. Andika kwamba aliita."

Onodera akaitoa ile karatasi mfukoni, akaigeuza upande usio na maandishi. Akasogeza figili pembeni, akapiga magoti mbele ya meza ya jikoni, akaandika jina la marehemu, na chini yake neno lile moja, kabla ya mengine yote. Kisha akamgeuzia Fude karatasi asome mwenyewe.